Sukari ya chai haihusiki

Mkuu, umeuliza kama kuacha sukari kwenye chai kutamsaidia mzee wako mwenye amiloidi ya figo, yaani kitu kinachorundikana kwenye figo na kuzidhoofisha. Hapana. Sukari inayotajwa kwenye utafiti wa ugonjwa huo si ya kopo la jikoni. Ni heparani salfeti, minyororo mirefu ya sukari ambayo mwili wenyewe huitengeneza na kuitandaza juu ya seli.

Jina ndilo linalochanganya watu. Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitia iodini kwenye vipande vya ubongo wa maiti, rangi ikageuka kama ya wanga (jaribu kwenye muhogo mbichi, utaona unavyokuwa bluu nyeusi), basi akaita amiloidi, kitu kama wanga. Mwaka 1859 wanasayansi Friedreich na Kekulé wakapima amiloidi ya bandama: kumbe ni protini.

Ila sukari haikuwa mbali. Robert Kisilevsky wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, na wenzake waliona kwenye panya kwamba heparani salfeti hujikusanya palepale na wakati uleule amiloidi inapoanza. Protini hujishikiza humo, ikajipanga nyuzi. Wakatafuta molekuli ndogo za kuwahi nafasi hiyo kabla protini haijajishikiza. Moja, eprodiseti, ilijaribiwa kwa wagonjwa 183, na matokeo ya 2007 yalionyesha figo zikidhoofika taratibu zaidi. Jaribio la pili likagonga mwamba, bahati mbaya.

Kwa mzee, muulize daktari ni amiloidi ya aina gani. Ikiwa ni aina iitwayo AA, kwanza hutafutwa ugonjwa sugu ulioichochea, kama kifua kikuu au baridi yabisi, na kutibiwa.