Studio ya dizaini: bei mnaitoaje na mteja mnaenda naye vipi

Swali: Habari kaka, mimi na mwenzangu tunafanya dizaini hapa Mwanza, logo, lebo za bidhaa na mabango. Tunataka tusajili studio, mpango wa biashara tumekwama kwenye bei, halafu wateja wanatumaliza na "rekebisha kidogo tu" isiyoisha. Tuanzie wapi?

Jibu: Poleni na kazi wadogo zangu. Hayo mawili ni tatizo moja, mnauza masaa na hamjui saa moja inawagharimu shilingi ngapi. Achaneni kwanza na dira na dhamira, benki wakizitaka mtaziandika jioni moja zikaisha.

Chukueni karatasi. Tuseme kwa mwezi kodi ya ofisi, umeme, bando, programu za kulipia na posho zenu wawili (jilipeni jamani, na kompyuta nayo itengewe chake maana kuna siku itakufa) inafika 2,640,000. Siku 22 mara masaa 8 ni masaa 176 kwa mtu, ila nusu inaliwa na kufuatilia wateja, kudai hela, umeme kukatika, kwa hiyo kila mmoja ana kama 88 ya kuuza, wawili 176, gawanya ile 2,640,000 kwa hiyo 176 unapata 15,000 kwa saa na faida bado haijaingia. Logo ya masaa 20 tayari ni 300,000. Mtaa wa pili kuna mtu anaitoa kwa 30,000, msishindane naye, nyie wafuateni wasindikaji wa dagaa, unga, asali, wale lebo ikitoka imekosewa mzigo mzima wa lebo unatupwa so wanajua wanalipia nini.

Sasa hayo marekebisho. Kabla hujafungua kompyuta mteja ajibu maswali kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha: anauza nini, kwa nani, itachapwa wapi, na NANI anaamua. Hilo la mwisho ndo kubwa, maana unafanya kazi na meneja wiki nzima afu anatokea bosi hapendi kijani, mnaanza upya. Proforma (ile karatasi ya bei na masharti mnayompa mteja kabla ya kazi) iseme mapendekezo mawili, marekebisho raundi mbili, raundi ya tatu inalipiwa, kama inakula masaa 4 basi ni 60,000 na mmeiandika mapema, wala hamtagombana. Advansi 50% ndo kazi inaanza, na faili za AI au CDR (faili halisi za kuhariri, za Illustrator na CorelDRAW) zinatoka hela ikishakamilika, kabla ya hapo anaona JPEG yenye alama tu. Na mpeni sampuli iliyochapwa asaini, yule anaangalia kwenye simu ambako rangi ni RGB (za mwanga wa skrini), mashine inachapa CMYK (za wino), ile bluu kali inafifia na lawama inarudi kwenu.

Usajili hausumbui sana, jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) wanasajili mtandaoni, TIN (namba ya mlipa kodi) ni TRA, leseni ya biashara halmashauri. Ila mkianza kufanya na makampuni kuna kodi ya zuio, yaani mteja anaikata kwenye malipo yenu na kuipeleka TRA, 5% kwenye ada ya huduma, ankara ya 1,000,000 mtapokea 950,000. Daini cheti cha hiyo 50,000 palepale, itahesabika kwenye kodi yenu ya mapato, ila kwenye mpango msiiweke kama hela ya kulipia pango la ofisi mwezi huo.