Nyumba moja Toscana, marafiki wanane: nani alipe nini?

SWALI: Tuko marafiki wanane tuliosoma sekondari pamoja, wengine Arusha, wengine Moshi na Dar. Juni mwakani tunataka kukaa wiki moja kwenye nyumba ya shamba huko Toscana, Italia. Tumeona yenye vyumba vitano kwa yuro 2,800. Kuna wanandoa jozi tatu na wawili walio peke yao. Mwenye nyumba anadai asilimia 30 sasa hivi. Tugawane vipi, na tuanze na lipi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Anzeni na viza. Nyumba zipo nyingi, ila mmoja wenu akikataliwa viza, kodi ya nyumba haipungui hata senti. Mnahitaji viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15 lakini yanaweza kufika 45, kwa hiyo kwa safari ya Juni pelekeni Februari au Machi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya matibabu ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Ubalozi wa Italia uko Dar es Salaam. Nauli ya kushuka huko iingie kwenye bajeti, maana alama za vidole hazitumwi kwa basi.

Makosa mawili huwaponza wanaoomba viza kwa kikundi. La kwanza, nyumba inalipiwa kwa jina la mmoja, kisha saba waliobaki wanaonekana hawana pa kulala. Ombeni uthibitisho wenye majina yote manane kama yalivyo kwenye pasipoti. La pili ni michango yote kupitia akaunti binafsi ya mweka hazina. Taarifa yake ya benki inajaa fedha zinazoingia ghafla na kutoka, na anayeikagua atataka kujua ni za nani. Fungueni akaunti ya kikundi, kama mnavyofanya kwenye kamati ya harusi.

Asilimia 30 ni yuro 840, yaani 105 kwa kila mtu. Kabla ya kuilipa, mwombeni mwenye nyumba akubali kurudisha fedha hadi tarehe ambayo viza zitakuwa zimetoka. Akigoma, tafuteni nyingine. Angalieni pia kama tangazo lina namba ya CIN, yaani namba ya kitaifa ya utambulisho wa nyumba. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi Italia inapaswa kuionyesha. Isipokuwepo, msitume kitu.

Andikeni pia, hata kwenye grupu la WhatsApp, itakuwaje mtu akitoka. Sisi tungetenganisha aliyenyimwa viza na aliyebadili mawazo. Wa kwanza apoteze 105 zake tu, na pengo lililobaki wenzake walizibe. Wa pili alipe fungu lake lote, labda alete mtu wa kuchukua nafasi yake.

Sasa mgawanyo. Mkigawa kwa vichwa, kila mtu ni 350, na wanandoa watalalamika kwamba wanabanana wawili chumba kimoja kwa bei ileile. Mkigawa kwa vyumba, kila chumba ni 560, na aliye peke yake analipa mara mbili ya mwenzake, ingawa jiko, bwawa na bustani wanavitumia sawa. Gaweni nusu kwa nusu: 1,400 kwa vyumba vitano ni 280 kila chumba, 1,400 kwa watu wanane ni 175 kila mtu. Aliye kwenye ndoa atalipa 315, aliye peke yake 455. Chumba masta kipigiwe kura, au atakayekitaka aongeze kidogo.

Ulizeni mapema kuhusu amana, ada ya usafi wa mwisho na kodi ya utalii ya manispaa, inayohesabiwa kwa mtu kwa usiku. Chakula kiwe na mfuko mmoja, pombe mfuko wake. Asiyekunywa asichangie mvinyo wa Chianti.

SWALI: Naweza kwenda Italia na ndizi za mtori, nyama na sembe?
Mama wa Kibosho, Moshi

JIBU: Ndizi beba, mama. Zimo kwenye orodha fupi ya matunda yanayoingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, pamoja na nanasi, nazi, tende na duriani. Parachichi na embe zinahitaji cheti. Nyama, maziwa na samli ni marufuku; nyama ya mtori nunua hukohuko buchani. Kuhusu sembe ya ugali, huko kuna polenta, unga wa mahindi wa Kiitaliano, ila mwingi ni wa njano na wa chenga. Tafuta ulioandikwa “fioretto”, ndio laini. Ukiona “istantanea” uache: umeshapikwa nusu, na ugali wake haushiki.

SWALI: Tukishafika Toscana, ni yapi yanayosumbua?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Umeme na gari. Nyumba nyingi za Italia zina kikomo cha kilowati 3. Oveni, birika la umeme na mashine ya kufulia zikiwaka pamoja, umeme unajikata, na mita mara nyingine iko nje getini. Ulizeni ilipo siku ya kwanza, kabla giza halijaingia. Volti ni 230 kama kwetu, kwa hiyo adapta ya plagi inatosha.

Watu wanane na masanduku hawaenei vizuri kwenye gari moja la viti tisa, kodini mawili. Dereva awe na leseni ya kimataifa pamoja na ya kwake, na kadi ya mkopo yenye jina lake. Otomatiki iagizwe mapema. Huko wanaendesha kulia. Katikati ya Siena na Firenze kuna maeneo yenye kibao cha ZTL, yaani magari yanazuiwa kuingia bila kibali, yanayolindwa na kamera; kila ukiingia bila kibali ni faini nyingine. Anayeishi nje ya Italia anaweza kuipokea hadi siku 360 baadaye, na kampuni ya magari huongeza ada yake. Andikeni nani aliendesha gari lipi, siku gani, saa ngapi, na mweka hazina asigawe salio mara tu mkitua KIA.