Kabla hujanunua kioo kipya cha tableti, tafuta tochi

Nilikuwa nimeitia tableti kwenye mkoba, nikapanda boda kutoka Kibuye hadi Manyatta, hapa Kisumu. Kijana akapitia vichochoro kukwepa foleni, tukayasalimia matuta na mashimo yote. Nilipofika nyumbani kioo kilikuwa cheusi tii. Lakini ujumbe ulipoingia, tableti ililia kama kawaida.

Mlio ule ulikuwa unaniambia kitu, mimi sikusikia. Kesho yake nilikwenda mjini kwa fundi mmoja. Aliigeuza mara mbili tu, akasema, "Kioo kimekufa, mwalimu." Nikalipa shilingi 5,500, na alama za wanafunzi wangu nikaziona tena. Baada ya wiki sita, giza likarudi.

Safari hii nilikwenda Kondele, kwa kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda cha mabati. Hakuchukua bisibisi. Alichukua tochi ya simu yake, akaimulika tableti kwa upande, akaziba jua kwa kiganja. "Mwalimu, hebu inama hapa." Nikainama. Chini ya ule weusi, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni, niliona saa, picha ya wanangu na vialama vya programu. "Picha iko. Taa ndiyo haipo."

Kioo cha tableti nyingi hakijiwakii chenyewe. Nyuma yake kuna taa, na umeme wa taa hiyo hupita kwenye fleksi, ule utepe mwembamba unaounganisha kioo na bodi. Wangu ulikuwa umelegea. Aliuchomoa, akasafisha vichwa vyake kwa spiriti, akaubana tena na kuuwekea kipande cha gundi ya karatasi. Shilingi 300.

Tangu siku hiyo, walimu wenzangu huniletea tableti zao kabla ya kwenda kwa fundi. Giza likiingia, mimi huanza na chaji. Betri iliyokauka kabisa inaweza kukaa nusu saa kwenye umeme kabla ya kuonyesha chochote. Kisha ninailazimisha kuwaka upya: kwa Android nyingi, unashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, hata kwa sekunde 30. Kwa iPad isiyo na kitufe cha mbele, bonyeza na uachilie haraka kitufe cha sauti kilicho karibu na kitufe cha juu, halafu kile cha mbali, kisha shikilia cha juu mpaka ile nembo ya tufaha itokee. Huku hakufuti chochote, usiogope. Zikishindwa zote mbili, ndipo tochi.

Mistari au rangi za ajabu zina kipimo chake, nacho nakipenda kuliko tochi. Piga picha ya skrini, uitume kwenye simu ya mtu mwingine. Mistari ikionekana na kule, tatizo liko ndani, kwenye programu au bodi, kwa hiyo kioo kipya hakitakusaidia. Picha ikifika safi, basi kioo au fleksi ndiyo mgonjwa.

Kuna mwenzangu alikuja na tableti iliyogeuka nyeusi na nyeupe, ameshatenga pesa. Mtoto alikuwa amewasha hali ya wakati wa kulala kwenye mipangilio. Dakika moja, na hata chai sikudai.

Kioo kikijibonyeza chenyewe, chomoa chaja kwanza. Zile chaja za bei ya kutupa za kando ya barabara hutoa umeme usiotulia, na mguso wa kioo huchanganyikiwa. Ukichomoa kikatulia, umempata mwizi. Kisipotulia, bandua ile plastiki ya kukinga kioo, ukipanguse kwa kitambaa kikavu.

Lakini ukiona kioo kimeinuka pembeni, au doa jeupe katikati linalokua kila wiki, chungulia mgongo wa tableti. Ukiwa umefura, hiyo ni betri. Usiuminye urudi, usiichaji tena, wala usimwachie mtoto. Hapo usijaribu ufundi wa nyumbani.

Na ikinyeshewa, mchele uache jikoni. Hauvuti maji yaliyoingia kwenye bodi, na vumbi lake hujaa kwenye tundu la chaji. Izime, usiichaji, mpelekee fundi aifungue siku hiyohiyo kabla kutu haijaanza.

Ukilazimika kununua kioo, mwambie fundi akiunganishe na kukiwasha mbele yako kabla ya kupaka gundi. Gusa pembe zote nne. Uliza kama bei ni ya kioo cha juu cha kugusa peke yake au pamoja na kile cha picha, maana kwenye tableti nyingine hivyo ni vitu viwili. Halafu omba akupe kile cha zamani uondoke nacho.

Changu, kile nilichoambiwa kimekufa, sikukiomba. Wiki iliyofuata nilipokumbuka kukiulizia, fundi wa mjini alisema kilishapata mwenyewe.