Kabla hujakwangua jiwe la chemchemi, pima maji

Wanaokuja huku Mtwara na Lindi kutafuta diatomu wengi wanawahi mawe, maji wanayapima mwishomwisho jua likiwa linazama, mi nasema geuza. Diatomu ndo ule utelezi wa rangi ya ugoro unaokuangusha ukikanyaga jiwe vibaya, ni mwani wa seli moja tu ila gamba lake ni la silika, na kila aina ina maji yake inayoyapenda.

Sasa maji yakitoka ardhini huwa yamebeba kabonidaioksaidi ya kutosha, yakishakutana na hewa ile gesi inaanza kutoka na pH inapanda, yaani asidi inapungua, kwa hiyo chupa uliyojaza bonde la Kitangari asubuhi ukaja kuipima Mtwara mjini jioni inakudanganya. Pima palepale kwenye jicho la chemchemi: pH, joto, na upitishaji umeme ujue chumvichumvi zikoje. Naitreti na fosfeti unaweza kwenda nazo maabara, ila ziweke kwenye barafu.

Ukishakuwa na namba hizo, hadubini inaanza kueleweka. Maji laini, yaani yenye madini kidogo, tena yenye asidi, tegemea diatomu aina ya Eunotia. Yaliyopita kwenye mawe ya chokaa, kama upande wa Kilwa, hapo Eunotia zinapungua sana, unaanza kuona kina Cymbella. Naitrojeni ikiwa haba Epithemia anapeta tu, maana ndani ya seli anaishi na viumbe vinavyomtengenezea naitrojeni kutoka hewani, ujanja mtupu!

Halafu huku kwetu kuna salfa. Mikorosho inapulizwa kila msimu kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na ile salfa ikikaa udongoni bakteria wanaigeuza asidi. Chemchemi ikiwa chini ya mashamba pima na salfeti, usikimbilie kusema asidi ni ya asili.

Wanapofulia chukua sampuli mbili, juu ya wafuaji na chini yao, huko chini ukikuta diatomu aina ya Nitzschia palea imejaa ujue uchafu umeingia. Na usipite kimya, "Shikamoo bibi, naomba nikwangue kajiwe haka," atakuruhusu na atakwambia upande gani haukauki mpaka kiangazi kiishe, hilo mashine haikwambii, maana sehemu inayokauka ina diatomu zake tofauti hata kama maji ni yaleyale.

Mswaki wa kukwangulia uwe mpya kila chemchemi, diatomu za jana zinang'ang'ania kwenye nywele zake hata ukiusuuza vipi.