Kiti changu na siku zangu 12

Mjomba, shikamoo. Nimesoma ulichoandika kwenye kundi la ukoo baada ya arobaini ya bibi: kwamba Uingereza imenifanya niukinai mkeka nikataka kiti, na kwamba nilikuja Tanga siku 12 tu kama mtu aliyefuata posho. Ningenyamaza, lakini umemtaja na mjukuu wako, kwa hiyo nitasema yote.

Nyonga yangu ya kushoto ni ya chuma na plastiki. Niliwekewa nikiwa na miaka 34. Nikikaa chini na kukunja miguu inaweza kuchomoka, na kuirudisha ni hospitali na nusukaputi. Sikuringa.

Unalikumbuka lile tumbo langu lililovimba utotoni? Mlisema bandama la malaria, nikachanjwa chale. Miguu ilipoanza kuuma mkasema baridi yabisi. Hospitali wakashuku selimundu, kipimo kikakataa. Kumbe ni ugonjwa wa Gaucher, tamka Goshe, jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1882. Mwili wangu una upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta. Mafuta hayo hurundikana ndani ya chembe, na chembe hizo hujaza bandama, ini na uboho wa mifupa. Damu ikishindwa kupita vizuri mfupani, kipande cha mfupa hufa.

Nilikuja huku kubeba maboksi ghalani. (Ile picha ya suti ilikuwa harusi ya watu.) Usiku mmoja wa Januari paja likawaka moto kwa ndani, homa ikapanda, na msimamizi akadhani natega kazi. Hospitali ya kwanza walidhani ni usaha ndani ya mfupa, nikatundikiwa antibiotiki za bure. Siku kadhaa sikuweza hata kujigeuza kitandani. Shuka likigusa mguu napiga kelele. Ilikuwa miezi baadaye daktari mmoja aliponibonyeza tumbo, akauliza kama wazazi wangu ni ndugu. Nikasema binamu. Akaagiza damu ipimwe kimeng'enya. Picha zikaonyesha mfupa wa paja, pale juu ya goti, umetanuka kama chupa ya maabara yenye kitako kipana, na kule juu, kichwa cha nyonga kimeshakufa.

Sasa natundikiwa dripu ya kimeng'enya hicho kila baada ya wiki mbili, nesi ananifuata nyumbani. Bandama limenywea, damu za puani zimekoma, na yale maumivu sijayaona tena. Lakini mfupa uliokufa haufufuki kwa dripu. Nilichelewa, basi.

Hesabu ya siku 12 ndiyo hiyo: dripu Jumatatu, ndege Jumanne, nirudi kabla ya dripu inayofuata. Dawa yenyewe inataka friji, na bei yake kwa mtu mzima mara nyingi huzidi paundi 100,000 kwa mwaka. Mimi silipi, kwa kuwa ni mkazi. Unaponiambia nirudi nijenge, mjomba, jua kwamba nikirudi naiacha.

Kuhusu mjukuu wako aliyevimba tumbo: kumleta huku kwa viza ya matembezi si njia. Mgeni asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya gharama za hospitali, na matibabu haya ni ya maisha yote. Huenda ni malaria kweli. Lakini mwulizeni daktari wa watoto kuhusu Gaucher. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu yanaweza kusafirishwa yakapimwe. Na msikubali bandama likatwe kabla ya jibu, maana kwa wenye ugonjwa huu mifupa huweza kuzidi kuharibika baada ya hapo. Wala msitafute mchawi. Jeni yenye kasoro hutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao wanaweza kuwa wazima kabisa.

Nikija Desemba niwekeeni kiti kirefu cha mbao. Kile cha plastiki kinapinda.