Muulize Mhandisi: Chuo kivumbue, kiwanda kitengeneze?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu. Chuo chetu kiko kwenye mazungumzo na jeshi pamoja na kiwanda kimoja ili tufanye utafiti wa ulinzi kwa pamoja. Wenzangu wanasema sisi kazi yetu ni kuvumbua, serikali italipa, kiwanda kitatengeneza. Ndivyo inavyokwenda? Na mambo yakishakuwa ya siri, usomi utabaki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekiweka kiwanda mkiani, na hapo ndipo miradi mingi inapofia. Tazama rada ya Uingereza mwaka 1940.

Rada za pwani za wakati ule zilitumia mawimbi ya redio yenye urefu wa mita 10 na zaidi, na minara yake ya kurushia ilipita mita 100 kwenda juu. Huwezi kupachika kitu kama hicho kwenye pua ya ndege. Jeshi la wanamaji likapeleka shida yake Chuo Kikuu cha Birmingham, idara ya fizikia ya Mark Oliphant: tunataka mawimbi mafupi, ya sentimita 10, ili vifaa viwe vidogo, tena yenye nguvu. Namna ya kuyapata waliwaachia wenyewe. John Randall na Harry Boot wakachukua bonge la shaba, wakatoboa matundu sita kuzunguka tundu la katikati, wakaziba kwa lakiri, huku pampu ikinyonya hewa muda wote. Februari 21, 1940 magnetroni yao, yaani kifaa hicho cha kuzalisha mawimbi ya rada, ikawaka na kutoa wati 400 hivi.

Chuo kilikuwa kimeshavumbua. Lakini kifaa chenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye pampu ya maabara! Kazi ikahamia kwa Eric Megaw, kwenye maabara ya kampuni ya GEC pale Wembley. Megaw akakiziba moja kwa moja kisihitaji pampu tena, akakipunguza uzito, akakipa kathodi (sehemu inayotoa elektroni) yenye tabaka la oksidi, utaalamu ulioletwa na Wafaransa mwezi Mei. Katika miezi michache nguvu ikafika kilowati 10 kwa mapigo mafupi. Mimi Megaw namhesabu mvumbuzi sawasawa na wale wawili, na inaniuma kwamba wanafunzi wengi hawamjui.

Septemba mwaka huohuo ujumbe wa wanasayansi wa Uingereza ulioongozwa na Henry Tizard ukavusha kifaa kimoja hadi Marekani. Kule, kwenye maabara za kampuni ya simu ya Bell, wakakipiga picha ya eksirei na kushtuka: mchoro uliokuja nacho ulionyesha matundu sita, kifaa kilikuwa na manane. Ikabidi Megaw aulizwe kwa simu. Alikuwa amejaribu idadi tofauti za matundu, na hicho kilichosafiri, namba 12, ndicho alichokitoboa manane. Jibu lilikuwa kichwani mwa mtu wa kiwandani, kwenye karatasi halikuwamo.

Kuhusu siri: Wamarekani walianzisha maabara ya rada katika chuo cha MIT, ikafika watu karibu 4,000, wote kwenye kazi ya siri. Vita vilipokwisha ikafungwa, na elimu yake ikachapishwa katika mfululizo wa vitabu 28 ambavyo wahandisi walivisoma kwa miaka mingi. Siri yenye mwisho haiui usomi. Kwa hiyo shikilieni kwamba muda wa siri uandikwe kwenye mkataba. Wewe binafsi, usikubali tasnifu yako itegemee kazi usiyoruhusiwa kuionyesha kwa watahini.

Na kabla hamjachora chochote, ombeni mkae kiwandani wiki chache. Waulizeni mafundi mashine zao zinatoboa kwa usahihi kiasi gani, shaba wanaipata wapi, na kipi walichojaribu kikawashinda.