Acha Senetwet Isimame, Vipepeo Wanaisubiri

Ikiwa una shamba upande wa Njoro, Rongai au Bahati, kaunti ya Nakuru, na senetwet (kichaka kinachoitwa hivyo kwa Kikalenjin) imejiotea kando ya ua, nakuomba usiifyeke. Wengi huacha shina moja tu la mkaa wa kibuyu cha mursik (maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin), lingine lote huenda na panga. Kumbe mmea huo wa maua ya manjano ni chakula cha viwavi wa kipepeo mhamaji ambaye wataalamu humwita Catopsilia florella. Dume ni mweupe wa kijanikijani, majike wengine ni wa manjano.

Mvua za Aprili zikikolea, senetwet huchipua majani mororo na jike hutaga mayai hapo, moja moja. Viwavi wakiwa wengi, majani huisha. Ndipo vipepeo wapya huondoka kwa makundi kutafuta mahali ambapo majani mengine yamechipua. Anayepita kwako leo huenda asirudi kamwe, watakaokuja ni uzao wake.

Utajuaje kwamba wanahama? Simama mahali pamoja uangalie, jua likishapasha hewa. Kipepeo anayetafuta maua huzungukazunguka, hutua, hugeuka. Mhamaji hushika upande mmoja. Akikuta nyumba hupaa juu ya paa, akashuka ng'ambo na kuendelea kulekule. Napenda sana kuwaona wakifanya hivyo! Andika tarehe, saa, upande wanakoelekea na hali ya mvua. Daftari la misimu kadhaa litakuonyesha mpangilio ambao kumbukumbu huupoteza.

Kinachoniuma ni dawa. Tangu viwavijeshi vamizi waripotiwe Kenya mwaka 2017, mkulima akiona kiwavi yeyote hukimbilia pampu. Namwelewa, mahindi ndiyo ugali wa nyumba. Lakini kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, ana alama ya Y iliyopinduka kichwani, na hujificha katika moyo wa mhindi. Wa senetwet ni wa kijani, ana mstari mweupe ubavuni, na mahindi hayagusi. Hata akimaliza majani, mti utachipua tena.

Ukilazimika kupulizia, elekeza dawa ndani ya moyo wa mhindi, jioni upepo ukitulia, isipeperuke hadi kwenye ua. Na senetwet uiweke mbali na watoto na mifugo, kwa sababu majani yake yana sumu na huharisha vibaya.